Gunia la Hamburg

Jumatatu asubuhi Tumpe alifika kwenye kizuizi cha kijiji cha Mshikamano akiwa na tenga kichwani, kiporo cha ugali wa ulezi ndani ya kitambaa, na kidole gumba cha mguu kilichofungwa kipande cha kanga kwa sababu jana yake alijikwaa kwenye jiwe la kusagia. Mgambo wa zamu akachungulia ndani ya tenga, akamzunguka kuona kama hakubeba mtoto mgongoni, kisha akainua mti. Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa sabini na tisa. Kahawa ilikuwa imeiva na watu walikuwa wamepewa ruhusa ya kurudi mahame kuichuma.

Ruhusa hiyo ina maelezo yake. Tangu Operesheni ya mwaka wa sabini na nne, watu wa kilimani juu ya Itaka walipotelemshwa kwa malori hadi kijiji kipya, ilikuwa marufuku kukanyaga makazi ya zamani. Aliyekutwa huko aliitwa mpinga maendeleo, na neno hilo wakati ule halikuwa la kuchezea. Kahawa ikaachwa, magugu yakaizonga, nyani wakawa ndio wenye shamba. Halafu ikaja vita ya Kagera, ikaisha, nchi ikabaki mikono mitupu, ikatoka amri kwamba kahawa yote ya mahame ichumwe kwa kuwa inaleta fedha za kigeni. Masharti hayakuwa mengi. Urudi kabla jua halijazama. Mtoto asivuke, ili mzazi asipate wazo la kulala huko. Na jembe lisivuke, maana mwenye jembe hulima, na anayelima hukaa.

Watu walipofika mahame waliwakuta wafu wao. Hilo lilitarajiwa. Huwezi kumwacha marehemu peke yake miaka mitano halafu urudi ukute kimya. Wengi walikuwa wamekaa kwenye misingi ya nyumba zilizobomolewa, wanaota jua, wakauliza habari za mbuzi. Mzee Yonathani alimkuta baba yake amepalilia mistari yote ya upande wa juu, na alikaripiwa mchana kutwa kwa kuitelekeza. Watu waliwasalimia wafu wao, wakasikiliza lawama zao, wakachuma. Jioni waliwaaga wakashuka na matenga. Wafu hawakuwafuata, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaambia waliohama wamekwenda wapi.

Kati ya wafu wote, Loisi peke yake ndiye aliyechelewa. Wiki nzima Tumpe alichuma mistari ya rafiki yake akitazama huku na huku, asimwone. Alitokea Jumatatu hiyo, jua likiwa juu ya mikaratusi, amevaa koti zito la rangi ya majivu na viatu vya kufunga kwa kamba.

"Pole na kazi," akasema.

"Nimeshapoa," Tumpe akaitika. Wakachuchumaa wote wawili wakapigiana makofi ya salamu, polepole, kama walivyofunzwa na mama zao. Kisha Tumpe akamtazama miguuni. "Hivyo viatu umepata wapi?"

"Hamburg."

"Mh," Tumpe akasema, na akaelewa kila kitu.

Ni hivi. Loisi alijifungua alfajiri ya siku ile ya malori. Mtoto alitoka mzima, ila damu ya mama haikukatika. Nje mgambo walikuwa wanaezua paa, kwa hiyo mvua ya kwanza ya Novemba ikamnyeshea palepale alipolala. Alikufa vyombo vikiwa vimeshapakiwa: mkeka, mablanketi, sanduku la nguo, hata shuka la kanisani aliloozewa nalo. Dereva alikuwa anapiga honi. Alikuwa ameagizwa kubeba watu, mbuzi na masufuria, na maiti hakutajwa. Chini palikuwa pamebaki gunia moja tu, na gunia hilo Tumpe alilijua vizuri kuliko kitu kingine chochote katika nyumba ile.

Liliachwa na Mjerumani mmoja mwenye shamba, aliyekamatwa vita ya pili ilipoanza. Babu yake Loisi alikuwa kibarua wake, akalichukua kama kiinua mgongo. Wasichana hawa wawili walilitandika kwenye kibanda cha kulindia ulezi, wakawa wanalala juu yake mchana na kufukuza ndege kwa zamu. Herufi zake nyeusi ndizo walizojifunzia kusoma kabla hata hawajapelekwa shule. H ilikuwa ngazi yenye kipago kimoja. U ilikuwa chungu. HAMBURG. Waliambiwa ni mji, na wakaapizana kwamba siku moja watakwenda kuutazama, warudi wawasimulie wenzao mpaka wachoke.

Basi Tumpe alichukua shazia na kamba ya katani akamshona rafiki yake ndani ya gunia lile. Alishona mishono ya karibu karibu, kwa sababu hakujua kushona ovyo, hata siku kama ile. Osea, mumewe Loisi, alichimba kaburi nyuma ya nyumba, fupi kuliko inavyotakiwa. Herufi zilikaa juu ya kifua. Kila aliyesimama pale aliziona, na hakuna aliyezisoma. Wazee wote wa Mbozi wanajua kwamba mfu azikwe kwenye mkeka wake, ili azindukapo ajikute kwake. Lakini nani angekumbuka kwamba mzigo huenda kule ulikoandikiwa?

"Nilizindukia bandarini," Loisi akasema sasa, akichuma pamoja naye. "Nimejaribu kurudi mara nyingi. Hapa nafika, kwa shida, maana mifupa iko hapa. Nikishuka kuwatafuta huko mlikohamia, nikivuka tu kijito, najikuta tena bandarini." Akatia kiganja cha buni kwenye tenga. "Mtoto alipona?"

"Alipona. Ninaye mimi. Osea alivuka Tunduma mwaka uliofuata, akaenda migodini Zambia. Habari zake tunaletewa na watu waliosikia kwa watu."

"Wa kike au wa kiume?"

Tumpe akaacha kuchuma. Hakuwa amefikiri kwamba Loisi alikufa bila kujua hata hilo. "Wa kike. Anaitwa Tabu."

"Nani alimpa jina hilo?"

"Osea."

"Ningemwita Tumpe," Loisi akasema. Wakachuma mstari mzima.

Mwisho wa mstari Loisi akajipangusa mikono kwenye koti. "Twende ukaone ninapokaa. Si tuliapizana?"

"Na kahawa?"

"Utaikuta."

"Mwenzangu, lazima niwe kizuizini kabla ya jua kuzama."

"Kule jua linachelewa. Utawahi."

Wakaficha tenga chini ya majani ya mgomba. Loisi akamshika mkono, wakapita kati ya mstari wa pili na wa tatu, wakaruka mfereji mkavu. Ng'ambo ya mfereji palikuwa na mtaa wa mawe uliolowa, na pembeni mwa mtaa kulikuwa na maji meusi yenye boti. Tumpe alitazama nyayo zake akaona aibu kwa ajili ya udongo. Akazifuta kwenye ukingo wa mawe, kwanza huu wenye kidole kilichofungwa, kisha wa pili.

Mtu wa kwanza waliyekutana naye alikuwa mzee mwenye kofia na fimbo. Tumpe hakuwa mtu wa kumpita mzee hivi hivi. Akachuchumaa njiani, akapiga makofi ya salamu, akasubiri. Mzee akasimama. Akamtazama, akatazama mawe yaliyo mbele yake, kisha naye akachuchumaa kwa taabu, goti likilia, akaanza kupapasa chini kutafuta kilichopotea. Walikaa hivyo kitambo, kila mmoja akimheshimu mwenzake. Mwishowe mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, akainuka, akavua kofia kidogo, akaenda zake.

"Ameitika," Tumpe akasema.

"Ameitika," Loisi akakubali, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu afe.

Alimtembeza kama mwenyeji. Akamwonyesha maghala ya matofali mekundu yaliyojengwa juu ya maji, marefu kuliko kanisa, yenye mapaa ya kijani. Watu walikuwa wanapandisha magunia kwa kamba hadi ghorofa ya juu. Akamwonyesha ziwa lililo katikati ya mji, na ndege weupe wenye shingo ndefu ambao hakuna anayewafukuza, maana hawali ulezi wa mtu. Akamwonyesha saa ya kanisa, kubwa kiasi kwamba Tumpe aliuliza inatiwa ufunguo na nani. Winchi za bandarini alizitazama muda mrefu akasema kumbe chuma nacho kinaweza kuinama. Watu waliwaona wote wawili, aliye hai na aliyekufa, wakawapisha njia bila kuwatofautisha.

Karibu na maghala palikuwa na duka, na ndani mama mmoja mwenye aproni nyeupe alikuwa anawaonjesha wapita njia kahawa kwenye vikombe vidogo. Akawapa na wao. Tumpe alikuwa amelima kahawa tangu utoto, mama yake aliilima, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuionja. Kwao watu hunywa chai, na buni huenda zake.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Chungu, jamani."

"Wao hutia sukari."

"Hata sisi tungetia, kama ingekuwepo." Akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akashukuru. Alikuwa na huzuni ambayo hakuweza kuieleza. Alidhani baada ya miaka yote ile kahawa ingekuwa tamu.

Kisha Loisi akasema kuna mahali pamoja zaidi, na hapo ndipo panapomsumbua. Wakapanda treni ya chini ya ardhi, wakatokea kwenye makaburi. Yalikuwa makaburi makubwa kuliko miji ya Vwawa na Mlowo ukiikusanya. Yalikuwa na barabara za lami, na barabara zina majina. Yalikuwa na miti, mabwawa, mabenchi. Na ndani yake lilikuwa linapita basi.

"Basi la nini?" Tumpe akauliza.

"La makaburini. Lina vituo. Jamaa wanapanda getini, wanashuka kwa mtu wao."

Wakapanda. Tumpe akakaa dirishani. Kwenye kila kituo mtu mmoja au wawili walishuka na maua, wakajua pa kwenda. Makaburi yote yalikuwa na jina, juu ya jiwe, kwa herufi kubwa. Alitazama hayo yote yakipita, machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Alikuwa anafikiria mishono yake.

Walishuka penye benchi. Mzee mmoja wa makaburini alikuwa anang'oa jiwe na kulipakia kwenye kijitoroli. Akamsalimu Loisi kwa kichwa, kama mtu amsalimuye jirani.

"Ni mtu mwema," Loisi akasema. "Kila jioni ananiuliza naishi mtaa gani humu ndani, anisindikize. Sina mtaa. Sikuzikwa hapa. Ananiacha nikae kwenye benchi mpaka geti lifungwe, halafu natoka naenda kukaa kule kwenye maghala. Angalau magunia yana harufu ya nyumbani."

"Na lile jiwe anang'oa kwa nini?"

"Huku kaburi lina muda wake. Ukiisha na ndugu wasipoongeza, anapewa mtu mwingine."

"Muda gani?"

"Miaka ishirini na mitano."

"Wanawaambia?"

"Wanawaandikia ndugu kabla."

Tumpe akafikiri. "Basi kuna utaratibu."

"Upo. Sisi tuliambiwa asubuhi ileile," Loisi akasema. Kisha akamgeukia, akamshika mikono yote miwili. "Tumpe, nisikilize. Mji huu ni mzuri na sina ugomvi nao. Ila nimechoka. Nataka kumwona mwanangu. Nataka kukaa pale anapokaa, hata kama ni nyuma ya choo, nimsikie akikohoa, nimsikie akiitwa kula. Basi. Sitaki kingine."

"Nitakubadilishia gunia," Tumpe akasema.

Wote wawili waliliona jambo hilo kuwa jepesi. Kama gunia ndilo lililompeleka, gunia litamrudisha.

"Uandike herufi kubwa," Loisi akasema.

Jua la Hamburg lilikuwa bado juu Tumpe aliporuka mfereji kurudi. Tenga lake lilikuwa palepale, limejaa. Akafika kizuizini kwa wakati wake.

Alhamisi alipata nafasi kwenye lori lililokuwa linashuka Tunduma. Huko alikuwako Hamis, mfanyabiashara aliyetoka Tanga miaka mingi na kuoa mpakani, ambaye hakukosa kitu hata wakati vitu vilipokuwa vimekosekana nchi nzima. Tumpe akampa debe la maharage. Akapewa gunia jipya lisilo na neno lolote, na kikopo cha rangi nyeusi iliyotoka upande wa pili wa mpaka.

"Unaandika nini, dada?" Hamis akauliza.

"Jina la kijiji. Kuna mtu ninayetaka kumrudisha."

"Amefia wapi?"

"Amefia hapa hapa. Alizikwa kwa gunia la Hamburg."

"Aa," Hamis akasema, akaongeza brashi bila kudai kitu. "Nasi tulimzika shemeji yangu na koti la reli. Mpaka leo hatulii mahali pamoja."

Tumpe aliandika MSHIKAMANO nyumbani kwake, uani, Tabu akiwa amechuchumaa pembeni akimshikia kikopo. Rangi ilipokauka akalikunja gunia, akalitia kwapani, akaenda ofisini kwa Zebedayo, mwenyekiti wa kijiji. Zebedayo alikuwa mtu wa kilimani kama wao. Alipewa uenyekiti kwa sababu alikuwa na baiskeli na hakuwa na maneno mengi.

"Ndugu Mwenyekiti, nimekuja kwa ajili ya Loisi."

"Loisi wa Osea? Si marehemu?"

"Marehemu. Yuko Hamburg."

Zebedayo akaweka kalamu chini. "Lile gunia la Mjerumani?"

"Ndilo."

"Lo!" Akajishika paji la uso. "Na mimi nilikuwa nimesimama palepale. Nililiona kwa macho yangu haya. Wala halikunijia."

"Halikumjia mtu. Naomba ruhusa ya jembe na wanaume wawili. Nimfukue, nimshone humu, nimlaze tena. Nusu siku tu." Akalikunjua gunia juu ya meza. Zebedayo akasoma herufi moja moja akasema ameandika vizuri.

Hakukataa. Alisema jambo hilo limemzidi kimo, akapanda baiskeli yake siku ya pili kwenda kuliuliza ngazi ya juu. Alirudi jioni amechoka, akapita moja kwa moja kwa Tumpe, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Wamenisikiliza vizuri," akasema. "Hawakunicheka. Mmoja wao alisema hata kwao ipo hali hiyo. Ila taarifa ya Operesheni ilishapelekwa. Imeandikwa kwamba watu wote walihamishwa, hakubaki mtu. Sasa akionekana aliyebaki, taarifa inakuwa ya uongo."

"Lakini amebaki."

"Amebaki, Tumpe. Sikatai." Akatazama mikono yake. "Na kuna jingine. Trekta linakuja kabla ya mvua. Mahame yote yanalimwa, yawe shamba la mahindi la kijiji."

"Na kahawa? Na hizo fedha za kigeni?"

"Wanaotaka kahawa ni idara nyingine."

Tumpe akamuuliza kwa nini asimwachie tu, achimbe mwenyewe, hata usiku. Zebedayo akajibu kwamba akimfungulia mmoja, kesho watakuja wote. "Hata mama yangu yuko kule. Kila nikipita barabara ya juu ananiita kwa jina la utoto. Unadhani mimi nina moyo wa jiwe? Nikimfukua mama yangu, mgambo watafukua wa kwao, na kijiji kitahamia makaburini." Akainuka, akaondoka.

Siku zilizobaki za mavuno Tumpe alichimba kwa kijiti. Udongo mwekundu wa pale, ukikanyagwa na mvua za miaka mitano, unakuwa kama kigae. Kila siku alifikia kina cha kiganja. Loisi alikaa pembeni akiwa amevaa koti lake, akimtazama. Siku ya tatu akamwambia aache.

"Kucha zako zinatoka damu. Na wale wa kizuizini wameanza kuzitazama."

"Sasa nitafanya nini?" Tumpe akalia. "Nilikushona mimi. Kwa mkono wangu! Ningekuweka hivyo hivyo kwenye udongo, leo ungekuwa nyumbani."

"Ungeniweka hivyo hivyo, ningelowa," Loisi akasema. "Nilete mwanangu nimwone mara moja. Halafu trekta lije."

Siku ya mwisho ya ruhusa Tumpe hakumficha mtoto mgongoni wala ndani ya tenga. Alimwosha uso, akamvika gauni la Krismasi, akamshika mkono, wakaenda kizuizini mchana kweupe. Mgambo alikuwa ameshafungua mdomo wakati Zebedayo alipotokea na baiskeli yake. Akamwita mgambo, akamwonyesha mnyororo, akamwomba ainame amsaidie kuurudisha. Mnyororo haukuwa umetoka. Mgambo aliinama hata hivyo.

"Ukipita penye mkaratusi uliopasuka," Zebedayo akasema bila kuinua kichwa, "mwambie mama sijasahau."

Mama yake alikuwa amekaa palepale penye mkaratusi. Alipopewa salamu alisema hajasahau nini, na kwa nini mtu asiyesahau asije mwenyewe. Wakaendelea kupanda.

Loisi alikuwa amevua koti. Alikuwa amesimama mwanzo wa mstari wa pili, kichwa wazi, mikono ameiweka mbele kama anayesubiri kubatizwa. Njia nzima Tumpe alikuwa amejitayarishia maneno ya kumweleza mtoto. Lakini Loisi alimtazama mara moja, akatikisa kichwa kidogo, na Tumpe akaelewa kwamba asimwambie: mtoto afiwe mara mbili ya nini?

Tabu akamwachia Tumpe mkono. Akachuchumaa, akapiga makofi kama alivyofunzwa kuwasalimia wageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Loisi akasema. Sauti yake ilikuwa imara. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Unaitwa nani?"

"Tabu."

"Jina zuri. Na mama yako ni nani?"

Mtoto akamnyooshea Tumpe kidole bila kugeuka, kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. Tumpe akaona aibu na uchungu na furaha, vyote pamoja, hata akashindwa pa kuweka uso wake. Loisi akasema, "Ni mama mwema. Umsikilize."

Wakachuma wote watatu. Tabu alichuma zile za chini. Nyekundu kabisa alizitia mdomoni, akafyonza utamu, akatema mbegu, kama watoto wote wa kule wafanyavyo. Baada ya muda akachagua moja iliyoiva vizuri, akaifuta kwenye gauni, akampa mgeni. Loisi akaifyonza. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu, wala hakutema mbegu.

"Unakaa wapi?" Tabu akauliza.

"Hamburg."

"Ni mbali?"

"Kutoka hapa si mbali. Unaruka mfereji tu. Kutoka kwenu ndiko mbali."

Mtoto akafikiri. "Uje kwetu. Mama ana gunia jipya. Tutakutandikia."

"Nikipata njia nitakuja," Loisi akasema. Jua lilipofika kwenye mikaratusi akamgusa mtoto kichwani, mara moja, kwa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu joto la maji. Kisha akachukua koti lake.

Trekta lilikuja wiki iliyofuata. Lilianzia juu likashuka. Kijiji kizima kiliitwa kulipokea, wakaimba. Liling'oa mibuni, likapita juu ya misingi ya nyumba, likapita nyuma ya nyumba. Wafu walisogea pembeni kulipisha, kila mmoja na kigoda chake, mpaka pakawa hakuna tena pembeni. Saa ya kula dereva alishuka, akachomoa kipande cha gunia kilichonasa kwenye jembe, akafutia mikono yenye grisi. Kilikuwa na herufi nyeusi. Tumpe alikuwa karibu kiasi cha kuona mishono yake ukingoni. Ilikuwa bado imara. Dereva akakitupa, akaomba maji ya kunywa, akapewa.

Mahindi ya mwaka ule yalistawi. Loisi hakuonekana tena, maana mifupa haikuwa mahali pamoja. Baadhi ya watu walidhani amepata mtaa kule makaburini. Tumpe hakudhani hivyo. Alijua yuko kwenye maghala, amekaa juu ya magunia. Kahawa ikaendelea kwenda huko kutoka mashamba mengine, na kila lori lililopita barabara kuu Tumpe alisimama mpaka limepotea.

Zebedayo aliandika taarifa ya msimu, ikapelekwa, ikasifiwa.

Gunia la MSHIKAMANO halikufukiwa wala halikutiwa mahindi. Tabu analilalia. Amejifunzia herufi zake hapo, akaingia darasa la kwanza anajua kusoma neno moja tu, jina la kijiji chake. Gunia ni pana, lakini halalii katikati. Hujibana kwenye ukingo wa upande wa ukuta, magoti kifuani. Tumpe alimwambia ajinyooshe, kuna baridi, akakataa. Alisema, "Yule mama rafiki yako bado hajafika."

Asubuhi Tumpe hulikunja gunia. Upande mmoja huwa na joto la mtoto. Upande wa pili huupitishia mkono, kila siku, kuona kama nao una joto, halafu hulitundika ukutani na kwenda kuwasha moto.